Robine Niliyoiacha Wazi

Mdogo wangu Faustin,

Nakusalimu kwanza, maneno makali yatafuata. Miguu ya Mama bado inavimba? Na wewe, unakula? Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kimoja cha mkono wa kulia kimevunjika, ndiyo maana mwandiko huu unayumba kama mlevi. Simu zangu hupokei, basi nimempa barua hii Mama Rebeka, muuza vitenge wa Bunia aliyekuja Mombasa kununua mali. Ameniahidi atakufikia kabla ya matanga kuisha.

Mama aliniambia kila kitu. "Mutoto haskii tena," alisema. "Pikipiki ameiacha. Iko anakaa tu nyuma ya nyumba na ile panga ya baba yenu, anainoa. Anasema tukishamaliza matanga, ataenda kuingia kwa wale wenye bunduki, alipize." Faustin, najua kilicho ndani yako. Papa alikwenda kuvuna mihogo upande wa Kilo, wauaji wakamkata shambani. Wewe ndiye uliyemwokota kwa mikono yako, ukamfunga ndani ya turubai na kumleta nyumbani Bigo juu ya pikipiki unayobebea abiria. Mimi nilikuwa mbali, nimeshika drili. Ulinipigia nikiwa bado kazini.

Sasa sikia kilichonipata hapa Mtwapa, kwenye yadi ya mashua ninakofanya kazi.

Kuna mzee wa Kizungu na mke wake, wanazunguka bahari kwa mashua ndogo ya tanga, wanapika na kulala humo humo. Nanga ikipandishwa kwenye mkondo wa hapa, mnyororo unakuja na tope jeusi linalonuka kama yai bovu, na lote linaingia ndani, karibu na kitanda chao. Mzee alitaka apitishiwe maji ya bahari mpaka mbele kabisa, aupigie mnyororo maji ukiwa bado unapanda. Fundi wa mabomba ni mimi. Mashua ikiwa nchi kavu, juu ya magogo, nilitoboa tundu chini ubavuni, nikapachika valvu ya kuzuia maji, kichujio, pampu, halafu mpira mrefu hadi kwenye nanga. Kazi safi, hata wewe ungeisifu, na wewe si mtu wa kusifu.

Kilibaki kibano kimoja tu cha kukaza mpira pale kwenye valvu. Nikautoa mpira, nikaenda dukani kutafuta kibano cha saizi yake, valvu nikaiacha wazi. Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi ni mtoto wa Bigo. Kwetu maji yakikatika tunaacha robine ya bomba wazi, beseni chini yake, ili yakirudi tuyasikie. Mkono wangu haujui kufunga robine kavu. Nilisahau kwamba bahari haikatiki. Huku nyuma kreni ikapata nafasi, wakaiteremsha mashua majini bila kuniuliza. Niliporudi, mbao za sakafu zilikuwa zinaelea.

Ndani nilimkuta Kazungu, seremala wa yadi, anachota maji kwa ndoo huku analia. Makabati yote ya mashua ile aliyatengeneza yeye, miezi mitatu ya msasa na vanishi. Niliifunga valvu, nikamwomba radhi. Akanipiga begani kwa kipande cha mnyororo. Nilistahili. Akanipiga tena mgongoni. Halafu akasema, "Nyinyi Wakongo kazi yenu kuharibu tu! Ndo maana mwachinjwa huko kwenu!"

Nilikuwa na spana ya mabomba mkononi. Nilimpiga nayo kwenye taya, nikasikia mfupa ukivunjika. Akaanguka. Nikampiga mbavuni, mara mbili au tatu, kisha nikamkalia mgongoni, nikamshika kichwa na kumzamisha uso ndani ya yale maji, chumvi na dizeli na damu pamoja. Alirusha miguu. Alikwaruza mbao kwa kucha. Alikipata kidole changu akakipinda mpaka kikavunjika, nami sikusikia maumivu yoyote.

Utadhani niliwaona mbele yangu waliomuua Papa. Hapana. Hapa usimsomee Mama: nilifurahi. Miguu ya Kazungu ilipoanza kulegea nilifurahi zaidi. Papa hakuwamo kichwani mwangu hata kidogo. Ningemkumbuka ningeacha, maana yeye hata mbuzi wa sikukuu alikuwa anamwita jirani aje kumchinja.

Walinitoa watu wanne, Faustin. Wa mwisho ilibidi anikabe shingo.

Kazungu yuko hai. Taya limefungwa kwa waya, jicho la kushoto bado halifunguki, uji anaunywa kwa mrija. Bosi alitaka kuita polisi, Kazungu akaandika kwenye karatasi kwamba yeye ndiye aliyeanza. Siku ya tatu nilikwenda hospitali. Mkewe akanizuia mlangoni.

"Waja kummaliza?" aliuliza.

Kiswahili cha huku kilinipotea chote. "Hapana, mama. Walimuuaka baba yangu. Hata mwezi haiyaisha. Sikuambiaka mutu."

"Mbona hukutwambia umefiwa?" akasema. "Tungekuja kukaa nawe. Hata yeye angekuja." Kisha akanipiga kofi, la nguvu hasa, akanisogeza pembeni ili mlango ufunguke nipite. Nilikaa karibu na kitanda mpaka saa ya wageni ikaisha. Kazungu aligeukia ukutani. Hajanisamehe na sioni kwa nini anisamehe.

Bomba nimelimaliza. Mzee aliwasha pampu, mnyororo ukapanda, tope likatoka lote. Usidhani nakuhubiria, tope ni tope. Kazi ikiisha nabaki kupiga msasa yale makabati kwa mkono wa kushoto, na nazidi kuyaharibu.

Sikuambii usikasirike. Nami nawachukia waliomkata Papa, nawachukia nikila na nikioga. Kasirika, vunja mlango, nitukane mimi niliyekuwa mbali. Lakini lile panga mpe Mama, na pikipiki irudishe barabarani.

Nisalimie shangazi Angèle anayewapikia wafiwa, mwambie apumzishe mgongo. Nisalimie dada yetu Furaha na mumewe mwalimu. Mchungaji aliyemzika Papa mwambie namshukuru, nitamshukuru kwa mdomo nikirudi. Mama mkumbatie kwa niaba yangu, na umfiche habari ya kidole.

Mimi sikuacha, Faustin. Nilitolewa. Hao unaotaka kwenda kwao, siku utakapokuwa umemkalia mtu mgongoni, hawatakutoa. Watakupigia makofi.

Yaya yako, kaka yako mkubwa,
Anselme