Mtaa wa Mwisho Kwenye Orodha

Jumapili, 3 Machi 1912
Nimekunja vipeperushi tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi. Mume wangu Reinhold na wenzake wamevipeleka milangoni kabla watu hawajaenda kanisani — Mpolandi apate cha Kipolandi, Mjerumani cha Kijerumani. Uchaguzi ni mwezi ujao. Vipeperushi vya chama chetu vinasema: "Milwaukee safi ni ya Wajamaa!" Safi! Kisima chetu kiko hatua kumi tu kutoka choo cha shimo. Binti yangu Lina alikufa kwa homa ya matumbo, kwa maji hayo hayo. Sasa mdogo wake, Emmi, ana miaka miwili. Kila kikombe nachemsha, na bado naogopa.

Jumanne, 5 Machi
Orodha ya mabomba ya majitaka imetoka. Mtaa wetu wa mwisho! Kumbe diwani mwenyewe, mume wangu, ndiye aliyeusukuma huko. Ati watu wasije wakasema amejipendelea. Jirani yangu, Bibi Stachowiak, alicheka hadi akashikilia uzio: "Shoga, wa kwangu mlevi, lakini akiiba huleta nyumbani."

Alhamisi, 14 Machi
Mkutano wa tawi la chama. Mjini mwanamke hapigi kura, chamani napiga. Nikasimama, nikaomba mtaa urudishwe mahali pake. Mikono juu — kumi na tatu kwa kumi na tatu! Hapo mwenyekiti ndiye huamua. Na mwenyekiti ni nani? Reinhold.
"Ndugu Alwine, hoja yako imeanguka."
Ndugu! Nyumbani nikampa ndugu supu iliyopoa.

Jumatano, 3 Aprili
Tumeshindwa. Vyama viwili vilivyokuwa vikitukanana vimeoana ili kututoa. Reinhold kaanguka kwa kura tisa. Wanaume wa mtaa wetu ndio waliompa kisogo — kisa mabomba! Maskini, analia kimyakimya. Nami nalia naye, hasira na huruma pamoja.

Jumatatu, 22 Aprili
Mabomba yamemwagwa mbele ya lango letu! Diwani mpya, Bwana Kuhlmann mwenye baa, anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Haya hana hata chembe. "Mwamba ngoma huvutia kwake, Bi Alwine!" Nikamshukuru. Mungu nisamehe, nilimshukuru kwa mikono miwili.
Reinhold yuko mezani tangu asubuhi. Anataka kuandika barua ya kupinga: mtaa wetu umeruka foleni, mitaa kumi ya maskini imeachwa. Na anasema kweli, ndiyo balaa yenyewe. Emmi mwili unamchemka tangu jana.
"Wino uko wapi, mke wangu?"
Leo si ndugu. Ameuliza mara tatu. Mimi niko jikoni, kichupa kiko mfukoni mwa aproni yangu. Naandika haya kwa penseli.