Bwana Anauliza Habari za Mke Wangu

Jumanne, tarehe 3, mwezi wa nane
Nimepasua kuni mpaka viganja vimechubuka. Zamu yangu ya kazi hapa mji mkuu ilikwisha tangu kiangazi. Kinachobaki ni ruhusa ya Bwana Norisue, nirudi Mashariki kwa mke wangu, Tamame. Haitoki. Leo kaniita tena barazani. Kanimiminia sake, pombe ya mchele, kwa mkono wake! Yeye mshairi wa ikulu, mimi mpasua kuni — kuna kitu hapa. Kauliza Tamame alifanya nini siku niliyoondoka. Nikamwambia: alishika pindo la nguo yangu, hakusema neno. Bwana akafumba macho, kama mtu anayeonja kitu kitamu.

Ijumaa, tarehe 6
Inumaro, mwendesha gari la ng'ombe la bwana, kanicheka. Jana ikulu walishindana mashairi, upande wa kushoto dhidi ya wa kulia. Mada: kuagana. Bwana kashinda. Shairi lake lina mwanamke aliyeshika pindo la msafiri, kimya. Waungwana wakajifuta machozi. Inumaro akamalizia: "Mkeo sasa ana jina kuliko wewe, ndugu yangu."
Sikucheka. Bwana hajawahi kuvuka hata lango la barabara ya Mashariki.

Jumapili, tarehe 8
Mvua. Nimemuuliza Yasuhira, msimamizi, habari ya ruhusa. "Una haraka gani, we mshamba? Unakula, unalala pakavu." Nikamng'ang'ania. Akasema bwana anataka nibaki mpaka shindano la mwezi wa tisa.
Kwa nini? Wapasua kuni wamejaa. Hanihitaji mimi — anahitaji huzuni yangu. Nikifika nyumbani nikanenepa, atamuuliza nani?
Basi. Simpi kitu tena.

Jumatano, tarehe 11
Kaniita mchana. Mada mpya: kungoja bure. Kauliza, kwa upole mno, wanawake wa kwetu hungoja mpaka lini, na hulia vipi. Nikaamua kumkaushia. Akiona nimekauka, atanifukuza, na kufukuzwa ndiko ninakotaka.
Nikasema, "Hawangoji, bwana. Wala hawalii. Wana mpunga wa kuvuna."
Akarudia polepole, maneno yale yale, kama anayapima uzito. Akamwita Yasuhira alete wino.
Nimeharibu! Nimempa shairi jingine.
Akaniashiria nisogee. Sauti chini kabisa: "Na mpunga huo, anavuna na nani?"
Nikasema nimebanwa haja. Nimejificha hapa nyuma ya kuni, naandika. Swali gani hilo? La shairi tu. Ni la shairi.
Shamba letu ni kubwa kwa mtu mmoja. Mdogo wangu anakaa ng'ambo ya mfereji. Hajaoa.
Yasuhira ananiita. Anasema wino unakauka —