Pindo la Kaptula ya Shule

Mjukuu wangu Neema,

Mama yako amenieleza jana kwamba ofisi imekuhamishia kitengo usichokijua, nawe unataka kuacha kazi. Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku Lushoto mvua imeanza na shangazi yako amepona.

Umeuliza kama niliwahi kuanza upya. Baada ya Uhuru, walowezi niliowashonea suti waliondoka, cherehani ikakaa kimya. Kisha binti mmoja akaleta kitambaa cha kaki, nimshonee mdogo wake kaptula ya shule. Nikachora kwa chaki, imkae sawasawa kama suti. Akacheka.

“Fundi, huyu si mzungu wako, huyu anakua! Pindo liko wapi?”

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamsogezea kiti. “Kaa, nionyeshe.”

Akanionyesha pindo pana, la kufumuliwa kadiri mtoto anavyorefuka. Baadaye akaniletea majirani zake.

Huyo ndiye marehemu bibi yako. Hadi leo nikikunja pindo, hugeuka nikidhani yuko kwenye kile kiti.

Kabla hujaacha kazi, muulize mtu mmoja wa kitengo hicho akuonyeshe. Jumamosi ukija kunitembelea, nitateremka Mombo kukungoja kituo cha basi, unieleze alivyokujibu.

Babu yako