Nani Atasoma Wasifu wa Baba

Jumamosi, 6 Agosti 2011
Nimefika nyumbani Kianjai saa nne. Baba yuko mochari tangu jana. Nyumba imejaa watu, viti vya kukodi, chai. Bado sijalia. Dada yangu Kathambi alinikumbatia mbele ya wageni wote akasema kwa sauti, tena kwa Kiingereza – kwa nini Kiingereza? – "Our ndad is ngone." Ndad! Ngone! Kinyaa kilinishika. Nikajitoa mikononi mwake, nikasema naenda kunawa uso.

Jumapili, 7 Agosti
Kamati ya mazishi imekaa baada ya kanisa. Tunazika Jumamosi. Anko Kinoti, mwenyekiti, akasema wasifu wa marehemu utasomwa na Kathambi, kwani ndiye aliyemuuguza mzee miaka miwili. Wote wakaitikia. Kathambi akainamisha kichwa, anatabasamu.

Mungu wangu! Huku kwetu wasifu husomwa kwa Kiingereza, hata kama nusu ya waombolezaji hawakielewi. Ndiyo heshima. Na shule ninayofundisha Embu inaleta basi zima. Prinsipali. Walimu. Ndambiri! Huyo wa hesabu, anayeigiza matamshi ya sisi Wameru kila saa ya chai – "mbook", "ndesk" – na watu wanashika mbavu. Mimi pia hucheka. Hucheka kuliko wote. Chuoni nilisimama mbele ya kioo nikaitoa lafudhi ya Kianjai ulimini, neno moja moja. Sasa dada yangu anirudishe huko kwa dakika kumi, kwa kipaza sauti? Haiwezekani.

Jumanne, 9 Agosti
Nimemwambia. Alikuwa anamenya viazi. Nilianza polepole: wageni ni wengi, jua litakuwa kali, utachoka. Akasema hatachoka, amekuwa akifanya mazoezi zizini na ng'ombe hawajalalamika. Akacheka. Akanisomea kipande, kisu bado mkononi. Uwii! Kila sentensi ilinikwaruza. Likanitoka: "Dada, unashrub, Kimeru kinasikika katika kila neno. Watatucheka."

Akamaliza kile kiazi. Akauliza ni nani hao watakaotucheka. Nikaanza kuokota maganda. Akasema haya, soma wewe, mwalimu. Hajawahi kuniita mwalimu.

Nimepata nafuu. Ndiyo, nafuu, na sitaki kujitetea. Ila chakula cha jioni kilinishinda.

Jumatano, 10 Agosti
Naandika upya. Kuzaliwa, shule ya misheni, ndoa, kahawa, mzee wa kanisa. Kiingereza safi, hata Ndambiri atakosa la kusema. Halafu nikafika kwenye ugonjwa.

Kwa miaka miwili nilikuja mara ngapi? Krismasi. Na ile harusi ya binamu, nikalala hoteli Meru mjini kwa sababu ya maji moto. Nikamwendea Kathambi, nikamuuliza Baba alisema nini siku za mwisho. Akaniambia nimuulize daktari, ana Kiingereza kizuri.

Jeuri! Mtu wa darasa la saba!

Alhamisi, 11 Agosti
Mwenye duka la kuchapisha anataka karatasi za wasifu saa nane. Sasa ni saa saba na nusu.

Kathambi ameketi nje ya jikoni na akina mama wa kanisa, anawasimulia kwa Kimeru. Nilikuwa namsikia dirishani. Baba anaitisha uji. Anaukataa. Anauitisha tena, anadai amenyimwa. Wakacheka hadi mmoja akajipangusa macho. Kisha Kathambi akashusha sauti, akasema ile asubuhi ya mwisho Baba alimshika mkono akataja jina – nami huyo nje, mbio, daftari mkononi!

Aliponiona akanyamaza. Mama mmoja akanisogezea kiti kama mgeni kutoka ofisini. Nikasema, kwa Kimeru, kilichotoka kwa kukwamakwama, endelea, dada, tafadhali. Akasema hapana, hayo ni ya walioko hapa, si ya watu wa basi. Akaingia jikoni.

Nimerudi mezani. Mistari mitano iko wazi. Nimeandika kwamba alifariki kwa amani. Nani aliniambia? Sikuwepo. Nimefuta. Jina la nani? La mama? La Kathambi? Langu? Mjinga mimi, kwa nini sikubaki dirishani!

Mwenye duka amepiga simu tena. Anauliza ni kitu gani kinakosekana.