Nilidai Barabara Badala ya Blanketi

Mpendwa mshauri Gladwell, naomba msaada, na naomba uwe upande wangu kwa sababu nimechoka na watu wa kuniambia nimekosea. Mimi ni Njoki, mjane, mkulima wa majani chai huku juu ya Kangari. Shule niliachia darasa la tatu lakini barua hii naandika kwa mkono wangu, kwa hivyo usinijibu kwa Kiswahili cha Mombasa nikashindwa kukuelewa.

Shida ni harusi ya mjukuu wangu. Kijana wangu alizaa msichana kwanza, na kwetu huyo hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo naye ni Njoki, na mtu akimuoa huyo amenioa mimi, ndiyo maana siku ya ruracio, ya kupanga mahari, nilikaa mbele kabisa na kitambaa kipya na hakuna mtu aliniuliza mbona. Wakwe walitoka Runyenjes, watu wa heshima, wamevaa makoti, na mzee wao wa kuongea, anaitwa Jethro, akasimama akasema kijana wao Mwaniki ni mtu wa Wizara ya Barabara na Uchukuzi, Nairobi. Alisema hivyo yeye mwenyewe, mimi sikumfungua mdomo. Wazee wakataja mambo yao ya mbuzi, wakamaliza, Jethro akanigeukia akiwa na tabasamu, kwa sababu nyanya, ndiye cucu kwetu, hupewa blanketi, akauliza, "Na cucu, blanketi lako liwe la rangi gani?"

Nikamwambia blanketi niko nazo, panya wanachagua ya kulalia. Nikasema mimi nataka barabara, kutoka kituo cha majani mpaka kwa lango langu, iwekwe lami, si kijana yuko pale lami inapotoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Jethro akakohoa, akasema, "Tumesikia, mama."

Sasa wewe niambie, mtu akisema amesikia si amekubali?

Mimi nilijua amekubali, na Jumapili nikasema kanisani, kwa sababu jambo zuri halifichwi. Kuna Watiri, jirani yangu, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na kila mwaka kabla ya mvua ya masika kikundi hutoka na karai na majembe kujaza mawe kwa ile kona mbaya. Nikamwambia, "Watiri, wekeni karai chini, mwaka huu kazi iko na wenyewe." Wakaweka. Mvua ikaja, kona ikawa kidimbwi, lori la majani likafika hapo likageuka, na tangu siku hiyo wanawake wanabeba majani kwa mgongo mpaka kituo cha chini, na wakipita kwangu Watiri anaita, "Mama Wizara, lami imefika wapi?" na wengine wanacheka na mzigo mgongoni, hata siwezi kutoka nje kufukuza kuku.

Nikamwita Mwaniki. Akaja na Njoki, wakakunywa chai, na huyo kijana badala ya kunipa tarehe ya greda akaanza kupanga vyombo vyangu kwa meza. Akaweka chupa ya chai katikati. "Cucu, hii ndiyo Waziri." Akaweka vikombe mbele yake. "Hivi ndivyo Makatibu. Kila mmoja na idara yake. Huyu ni wa barabara, huyu wa uchukuzi, huyu wa ndege, na kikombe hakiingii kwa kikombe kingine." Akapanga vijiko nyuma ya vikombe, akasema hayo ni mashirika, lingine la reli, lingine la viwanja vya ndege, na kila kijiko kiko na mkurugenzi na bodi yake.

Nikamuuliza, "Na wewe uko wapi?"

Akalamba kidole, akachukua punje moja ya sukari, akaiweka nyuma ya kijiko cha mwisho. "Hapa, cucu. Upande wa ndege. Naangalia vyeti vya mafundi."

Nikasema, "Kwa hivyo mtoto mwenye jina langu anaolewa na punje ya sukari."

"Cucu," Njoki akasema.

"Sijaongea na wewe. Mwaniki, barabara yangu iko kikombe gani?"

Akaangalia meza, akaangalia tena, kijana wa watu, akasema haiko hapo. Ati kikombe cha barabara ni cha zile kubwa, hii yetu ndogo ni ya kaunti, na kaunti ni nyumba nyingine kabisa na jiko lake. Nikamwambia mimi mtu akiwa na kiu haongei na vijiko, anashika chupa anamimina. Akasema, "Cucu, punje ya sukari ikienda kushika chupa itarudi kwako bila kazi." Njoki akacheka, halafu akalia, halafu wakaenda bila kumaliza chai.

Sasa mzee wetu Nderitu anasema neno la ruracio huondolewa na yule aliyelisema peke yake, na likisimama, siku ya ngurario, ya kufunga ndoa kwa mila, haiwezi kupangwa na kiande, lile bega la mbuzi la maharusi, hakikatwi. Jethro anapiga simu kuuliza tarehe, Nderitu anamwambia uliza mama. Na Njoki amenitumia ujumbe ati watakwenda kwa msajili wa ndoa na mashahidi wa kuokota njiani, na mimi nitasikia kwa watu. Nikiondoa neno, Watiri atacheka mpaka anizike. Nisipoondoa, jina langu linaolewa kama mbuzi aliyepotea. Niambie huyo Waziri anapatikana wapi, siku ambazo hana wageni wengi.

Njoki, Kangari

MSHAURI GLADWELL ANAJIBU

Cucu Njoki, Waziri hutampata, na ukimpata atakuelekeza kwa kikombe, kikombe kitakuelekeza kwa kijiko, na kijiko kitakurudisha Murang'a, kwenye kaunti yako, pale pale ulipotoka na nauli ikiwa imeisha. Huyo kijana alikueleza wizara vizuri kuliko wengi wanaolipwa kuieleza. Umemwita punje ya sukari. Mimi ningekuwa nyanya yako ningekunyang'anya hiyo chupa.

Nakuonea huruma, usidhani sioni. Kubeba gunia la majani kwenye tope katika umri wako si mchezo, na ulipotaka lami hukutaka kujionyesha tu. Lakini umekaa kwenye meza za wakwe miaka mingi na unajua vizuri kuwa mkwe hakatai. Ukimdai mkwe mlima huu, atasema amesikia. Jethro alikuonyesha adabu, na wewe ukaibeba hadi kanisani ukaitangaza.

Tena fikiria kitu unachomwomba kijana. Mtu wa ndege akianza kunong'ona kwenye ofisi ya barabara kwa ajili ya lango la nyanya ya mchumba wake, hiyo ina jina, na siyo jina zuri. Unataka Njoki aolewe na mtu wa kukaa nyumbani akikuchumia majani?

Leo, kabla hujalala, mpigie Nderitu umwambie umeondoa neno lako, umwambie wewe mwenyewe, si kwa kutuma mtu. Kisha mpigie Njoki. Usimweleze mambo mengi. Mwambie achague siku ya ngurario na wewe utakaa mbele kabisa na kitambaa chako.

Jumamosi toka na karai. Uwe wa kwanza kwenye kona, kabla ya Watiri. Atacheka, mwache acheke. Ulimkataza kufanya kazi ya barabara na amebeba majani mgongoni kwa sababu yako, kicheko ni haki yake. Mkishajaza mawe mpaka lori lipite, kiombe kikundi kizima kiende kwa mwakilishi wa wadi, na kaunti ikiita wananchi kwa mambo ya bajeti, ninyi mkae viti vya mbele na wewe usimame uongee. Mdomo uliotisha wakwe wa Runyenjes hauwezi kukosa kazi huko. Hapo ndipo barabara yenu inapokaa, na hapo huhitaji mkwe.

Na Jethro akikuuliza tena rangi ya blanketi, taja rangi. Dai lile zito, la kufunika hadi miguu. Baridi ya Julai ikishuka Kangari, hakuna idara hata moja itakayotuma mtu kuja kukufunika, lakini Njoki atakuja, ukimwachia njia.