Rafiki wa Baba na Mkate wa Nyama

Jumanne jioni, Agosti 2007. Ras Al Khor, Dubai.

Leo joto limekuja na unyevu. Nikitoka ghalani kwenye kiyoyozi, miwani inaingia ukungu papo hapo, inabidi nisimame mlangoni kwanza hadi nione ninakokwenda. Shati la asubuhi nimelivua limenigandia mgongoni. Mwili hauna neno. Ni moyo tu ambao haujatulia.

Nimeongea na watu tangu asubuhi. Mmoja alitaka taa ya nyuma ya pikapu, mwingine giaboksi, mwingine alitaka mlango wa kushoto wa gari ambalo sijaliona likipita barabara hizi kwa muda mrefu. Nimesema yalla, nimesema khalas, nimesema inshallah. Jioni nilipokuwa nafunga ghala ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo jibu lake halikuwa spea.

Ssali angeniuliza. Ssali ni Mganda, ninakaa naye chumba kimoja hapa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya ghala. Analinda jengo la ofisi kule Silicon Oasis. Zamani tulikuwa tunapika pamoja na kubishana kama Kiswahili chake ni Kiswahili kweli au ni kitu kingine alichokiokota njiani. Wiki iliyopita wamemhamishia zamu ya usiku. Sasa mimi nikiingia yeye ameshatoka. Nakuta kitanda kimetandikwa na chumba kinanukia sabuni yake, basi.

Jana nimekula biskuti na chai nikalala. Juzi pia.

Leo nikajikataza. Nikapita bakala, lile duka dogo hapo kona, nikachukua nyama ya kusaga, vitunguu, nyanya, hoho moja, na samuni, ile mikate mirefu laini ya huku. Nilikuwa na hamu ya mkate wa nyama. Ugali wa mtu mmoja unanishinda. Unasonga, unauepua, unaugeuza kwenye sahani, halafu unautazama na wenyewe unakutazama. Mkate wa nyama haukusumbui hivyo. Ni chakula cha mtu aliyechoka, na unaweza kuula hata umesimama.

Jikoni hapakuwa na mtu. Wale jirani zetu Wahindi wa Kerala hupika mapema, walishamaliza, wameacha dirisha wazi na harufu ya dengu. Nikabandika sufuria, nikakaanga vitunguu mpaka vikaanza kuwa vya kahawia pembeni. Nikatia saumu na tangawizi, kisha nyama. Nyama ya kusaga inataka mwiko usiopumzika, ukiiacha inashikana mabonge. Nikaivunjavunja hadi ikakauka maji yake na kuanza kulia chwaa. Ndipo nikatia nyanya, nyanya ya kopo kijiko kimoja, hoho, binzari kidogo na chumvi. Nikapunguza moto, nikafunika.

Hapo ndipo kimya kilipokuja. Nilipokuwa nakoroga sikukisikia.

Mimi hupiga simu nyumbani Ijumaa. Ndiyo siku yangu ya mapumziko, mke wangu anajua, anakaa na simu karibu. Leo sikuwa na habari yoyote ya kumpa. Nilitaka tu kusikia mtu akiita jina langu. Nikachukua kadi ya simu, nikabonyeza zile namba zake zote, nikapiga nyumbani Voi.

Kabla sijaandika kilichotokea, lazima nieleze habari za Mghoi.

Mghoi ni binti yetu. Nilipoondoka alikuwa anatambaa. Alikuwa na tabia ya kushika suruali yangu kwenye goti na kujivuta asimame, halafu anashangaa amefikaje pale juu. Sasa karibu anafikisha miaka minne, na mama yake anasema anaongea kutwa nzima kama redio. Mimi sijawahi kuisikia redio hiyo. Kila Ijumaa mama yake anamwita, "Mghoi, njoo, ni baba," na kila Ijumaa nasikia vile vinyayo vyake vikikimbia, pata pata pata, vikienda mbali na simu. Mama yake hurudi akasema mtoto ameona haya. Mimi hucheka. Nasema watoto ndivyo walivyo.

Nikikata simu sicheki.

Picha yangu iko ukutani sebuleni, ile niliyopiga studio kabla ya safari. Najua Mghoi huiaga picha hiyo akienda kulala. Ina maana baba anaye, ni yule wa ukutani, ametulia, amechana nywele. Mimi ni kelele tu inayotoka kwenye simu. Sijawahi kumwambia mtu hili, hata Ssali.

Basi leo simu ikaita, ikaita, ikapokewa. Nikasikia mtu anapumua.

"Haloo," sauti ndogo ikasema.

Nikauliza mama yuko wapi.

"Anaanua nguo. Wewe ni nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nikaviona vile vinyayo. Nikajua nikilitamka neno lile, simu itaachwa mezani na mimi nitabaki nikisikiliza sebule tupu. Sikuweza. Nikasema, "Mimi niko Dubai."

"Hata baba yuko Dubai," akasema, kwa maringo ya mtu mwenye mali. "Unamjua?"

"Namjua."

"Mimi pia namjua," akasema.

Akaanza. Sijui nieleze vipi. Aliniambia paka wa jirani amezaa na watoto wake hawana macho. Aliniambia ana viatu vyekundu lakini kimoja kinauma. Aliniambia bibi ameng'oka jino na amelitupa, na kwamba yeye mwenyewe meno yake hayang'oki, amejaribu. Mimi nilikuwa nimeegemea friji la jikoni nikiitikia mmh, mmh, nikiogopa hata kukohoa. Mtoto wangu alikuwa anaongea na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu hakujua ni mimi.

Halafu akataka kujua ninafanya nini. Nikamwambia napika.

"Kwani wewe ni mama?"

Nikamwambia huku hakuna mama, kila mtu anajipikia. Hilo alilifikiria kidogo. Akauliza napika nini, nami nikamweleza yote, kitunguu, nyama, nyanya, na jinsi nitakavyopasua mkate katikati, niupake siagi, niuchome kidogo kwenye kikaango, halafu niujaze nyama ndani. Aliuliza kama ni sambusa. Nikamwambia ni ndugu yake sambusa, ila huyu ni mnene. Akacheka. Kicheko chake kina mkwaruzo mwishoni, kama cha mama yangu.

Nikamwahidi kumwambia kila kitu nikikifanya, ili asiondoke. Nikafungua sufuria, nyama ilikuwa imeshikamana vizuri, mafuta mekundu yamekaa juu. Nikaibana simu begani, nikapasua samuni, nikaweka kikaangoni. Nikamwambia sikiliza, nikasogeza simu karibu na siagi inayolia. Akaniambia amesikia. Nikajaza nyama, nikaongeza kijiko cha ile jibini laini ya chupa, nikakata mkate vipande viwili.

Kisha akauliza, "Baba naye anajipikia?"

"Ndiyo."

"Anajua?"

"Anajifunza."

"Mpe na yeye," akasema. "Mpe kipande kikubwa."

Nikamwambia nitampa. Akasema hapana, nimpe sasa hivi, yeye anangoja. Na kweli akangoja. Nilimsikia anangoja. Mimi nimesimama kwenye jiko la watu ishirini, peke yangu, na kipande cha mkate mkononi.

Nikasema, "Nimempa."

"Anakula?"

Nikauma. Niliuma karibu na simu kabisa, ili asikie, ule mkate uliokauka juu ukavunjika kwa sauti. Nyama ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi, nikaendelea kutafuna.

"Anakula," nikasema.

"Amesemaje?"

"Amesema asante, Mghoi."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza siri, "Kwani analijua jina langu?"

Nikamwambia analijua. Nikamwambia ni yeye ndiye aliyempa, ni jina la mama wa huyo baba, yaani bibi aliyetupa jino. Akasema "haa," kama mtu aliyeletewa kitu kizuri kumbe ni chake tangu zamani. Nikasikia mlango, na sauti ya mke wangu ikiuliza nani ameruhusu mtu kushika simu, na Mghoi akijibu kwamba anaongea na rafiki wa baba, anajua kupika.

Mama Mghoi akaichukua simu. Aliposikia ni mimi aliogopa kwanza, leo si Ijumaa. Nikamwambia hakuna kitu, niko salama. Nikamsimulia. Alicheka pale kwenye sambusa. Pale kwenye jina hakucheka.

"Mbona hukumwambia ni wewe?" akauliza.

Nikasema, "Angekimbia. Si hukimbia kila Ijumaa?"

Nyuma yake Mghoi alikuwa anamweleza mtu, labda paka, jinsi ya kuchoma mkate.

"Baba Mghoi," mke wangu akasema, "huyu mtoto hakukimbii wewe. Nikimwambia ni baba, anakimbilia mlangoni. Anafungua, anatazama nje. Akikuta hakuna mtu ndipo anakasirika, hataki tena simu."

Nikamwuliza kwa nini aliniambia mtoto anaona haya. Akasema aliona hilo ni rahisi kwangu kubeba. Akasema huwa anatoka naye hadi nje kidogo, wanasimama, kisha anamrudisha ndani.

Muda wote huu nimekuwa nikisikia vinyayo vinavyonikimbia. Kumbe vilikuwa vinanikimbilia.

Baadaye kidogo ndipo mke wangu aliponiuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotarajia kununua, likizo yangu imefikia wapi.

Ukweli ni huu. Likizo yangu ilipaswa kuwa mwaka jana. Mwenzangu wa ghalani aliondoka, arbab, yaani bosi mwenye ghala, akaniomba nisubiri apate mtu mwingine, nikakubali. Mtu huyo alipatikana, akafundishwa kazi na mimi mwenyewe, na bado niko hapa. Kila nikimkumbusha arbab ananishika bega vizuri na kusema inshallah. Si mtu mbaya. Anasema inshallah na kweli anaamini, halafu simu yake inalia na mimi narudi kwenye rafu zangu. Sijawahi kusimama pale nikasubiri amalize simu hiyo. Nyumbani nimekuwa nikisema mambo yanashughulikiwa.

Leo sikusema hivyo. Nilimwambia mke wangu sijaishughulikia kama mtu anayeitaka. Nilimwambia nadhani nilikuwa naogopa kufika nyumbani na kukuta mtoto ananikimbia mbele ya macho yangu, badala ya kwenye simu. Hilo sikulijua mpaka nilipojisikia nikilisema.

Akasema, "Sasa umejua anakimbilia wapi."

Kadi ikaanza kutoa ule mlio wa kuishiwa. Tukaagana haraka haraka, akaniambia nile kabla chakula hakijapoa. Kilikuwa kimeshapoa. Nimekula vipande vyote viwili mezani, nimekaa, kwa sahani, na nyama iliyobaki nimemfunikia Ssali aikute asubuhi.

Naandika haya kwenye kompyuta yake. Feni inazunguka, nje malori bado yanapita kwenda bandarini. Upweke haujaondoka, sitadanganya. Umekaa hapa pembeni ya kitanda kama kawaida. Ila leo nimeujua unatokea wapi, na kuna mtoto Voi aliyelala akiamini baba yake amekula na ameshiba. Katika hilo hajadanganywa.

Sijui Ijumaa nitamwambia mimi ni nani. Labda nitabaki rafiki wa baba kwa muda, nisikie habari za paka. Labda ni afadhali aje anijue kwa macho.

Kesho asubuhi, kabla sijafungua ghala, naingia ofisini kwa arbab. Nitamwambia nataka kwenda nyumbani. Simu yake ikilia nitasimama pale pale. Akisema inshallah nitasema inshallah na mimi, kisha nitamwuliza: siku gani?