Prosesa Mpya na Uso Kando ya Kaburi Lako

Kehancha, Jumapili ya pili ya Juni, 2024. Mwaka wa ishirini na tisa tangu nitoke nyumbani. Mwezi wa tatu tangu uzikwe.

Omera, mdogo wangu,

Binti yako Akinyi alikuja Alhamisi. Alishuka kwenye bodaboda na mkoba mgongoni, akaniita baba mkubwa, akalia kidogo, akanywa chai aliyopika mke wangu Boke. Kisha akatoa laptopu mpya, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Duka lako la Homa Bay analiendesha yeye sasa. Mlango ameupaka rangi ya kijani. Ubao wako unaotangaza video za mazishi na laptopu safi ameuacha ulivyo. Anasema wateja bado huingia wakikuulizia, halafu wanakumbuka.

Laptopu yenyewe ina prosesa mpya, ule ubongo wa mashine, yenye viini viwili. Imepewa jina jipya, na stika yake inang'aa. Nilivaa miwani nikasoma hadi maandishi madogo, maana wewe ndiye ulinizoesha. Nilikusikia kabisa, kama siku ile dukani kwako, ukimtania yule mwalimu aliyetaka mashine ya bei kubwa: "Mzee, unataka laptopu ama unataka stika? Stika nakupa bure." Duka zima likacheka, naye akacheka, akanunua ya bei ndogo. Ulitueleza kwamba jina moja hubandikwa juu ya mashine ya viini vinne na juu ya mashine ya viini viwili, na anayenunua haoni tofauti mpaka afike nyumbani. Ukaongeza jambo ambalo halijaniacha tangu siku hiyo: kwamba kila kiini kikishika kazi mbili kwa pamoja, mashine ya viwili hujihesabu kuwa na vinne. "Ukiiuliza itakwambia wako wanne," ulisema. "Ukiifungua, wawili tu. Hao wengine wako kazini, ila hawapo."

Nimeyakumbuka maneno hayo wiki hii kuliko nilivyotaka.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu. Akinyi alileta picha za video ya mazishi yako ili tufanye ile kazi yetu ya zamani: wewe ukikata video, mimi nikiandika majina chini ya nyuso, ili jamaa walio Nairobi na ng'ambo wajue nani alikuja, mtoto wa nani, wa boma gani. Tangu ugomvi wa mpaka wa shamba ulipoishia kwa nyumba yangu kuchomwa, sijakanyaga nyumbani Lambwe. Lakini watu wetu nawajua wote. Nimewaona wakizeeka kwenye video zako, mazishi hadi mazishi.

Nilianza Ijumaa mchana. Pazia lilikuwa wazi, kuku mlangoni, Boke ameinjika nyoyo, yale mahindi na maharagwe. Unakumbuka ulivyopima mashine kwa sufuria hiyo? Ile uliyoniuzia zamani ilikuwa ikimaliza kuunganisha video tumeshakula, na vyombo vimeshaoshwa. Hii mpya ilimaliza maharagwe hayajalainika. Nilifurahi, omera. Nilifurahi hivi kwamba mkono wangu ulifika kwenye simu nikupigie.

Nikaanza kuitazama hiyo video huku nikiandika. Mama wa kanisa, jina. Binamu zetu, majina. Mchungaji akatupa udongo, jina. Kisha ikafika zamu ya mkubwa wa nyumba, na aliyesogea kaburini alikuwa mimi.

Sisemi mtu aliyefanana nami. Koti langu la kijivu. Bega la kushoto lililoshuka. Kofia ameishika nyuma ya mgongo. Aliuchukua udongo kwa mkono wa kushoto, kama ninavyofanya tangu nivunjike wa kulia. Siku hiyo ya mazishi nilikuwa hapa kitandani, mguu umevimba kama mgomba, Boke akinikanda kwa maji ya moto. Nilimwita atazame. Alitazama, akatazama mguu wangu, akarudi jikoni.

Nilishuku mashine. Nilijiambia labda kwa mbio zake hujaza picha pale inapokosa. Nikahamishia kila kitu kwenye ile ya zamani. Feni ikalia, picha ikawa inakwama na kuendelea, inakwama na kuendelea. Alikuwamo. Na kwa sababu ya ule uzito wake, ikanionyesha kitu ambacho mashine mpya ilikipita haraka. Baada ya kutupa udongo hakujiunga na waombolezaji. Alipita nyuma ya jiko la mama, akaenda kwenye kiwanja changu ambako hakuna kitu ila majani, akaketi chini, miguu ameinyoosha, pale pale mlango wangu ulipokuwa. Mpiga picha alipita upande ule mara kadhaa hadi watu walipoanza kutawanyika. Kila mara yuko. Hakuna picha inayomwonyesha akiinuka.

Nilimwita Akinyi, nikamwonyesha. Hakushtuka hata kidogo.

"Lakini baba mkubwa, si nilikusalimia? Mkono ulikuwa baridi, nikafikiri ni homa."

Kumbe nyumbani wote wanajua nilikuja. Wazee wanasema, "Jaduong', mkubwa wa boma, alirudi, akatupa udongo, akaondoka bila kuaga. Si ndiyo tabia yake?" Hapo nilicheka, omera, maana ndivyo wangesema hata kama ningekuwa mimi.

Kisha Akinyi akainamisha kichwa, akaniambia hakuja kwa ajili ya video tu. Anataka kujenga. Tangu uzikwe, wanaume wa boma wanamwambia nyumba yako itakuwa ya ukoo, na yeye sasa analala chumba cha nyuma ya duka. Mahali pekee palipobaki ni kile kiwanja changu, nacho hakiguswi mpaka mwenyewe aje ajenge au aseme kwa kinywa chake kwamba amekiachilia. Na sasa kwa kuwa walimwona mwenyewe, wanangoja tu alete mabati.

Nilimuuliza kama hamwogopi huyo aliyeketi pale.

"Kama ni wewe," alisema, "hatanifukuza."

Nilirudi mezani. Nyuso zote zilikuwa na majina isipokuwa moja. Ningeweza kumkata, ulinifundisha namna. Lakini ningemkata, kaburi lako lingebaki bila udongo wa kaka yako, na aliyeuleta alitoka mbali kuliko mimi. Basi nikaandika jina langu lote, la baba yetu, la boma letu. Mashine ililipokea mara moja, ikalikaza chini ya uso wake.

Jambo moja sijamwambia mtu. Nilipomaliza kuliandika, Boke aliniita nikale. Aliita tena, na tena. Nililisikia jina vizuri, nikawa nangoja huyo anayeitwa aitike.

Jana nilikaa mbele ya kamera ya laptopu mpya, mguu umeshapona, nikasema waziwazi mbele ya Boke na jirani wawili kwamba kiwanja ni cha Akinyi, ajenge atakavyo, mlango auelekeze atakako. Nilisema kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili, asije mtu akadai hakuelewa. Ameondoka na laptopu yenye maneno hayo asubuhi hii, akiwa amekumbatia mkoba kifuani njia nzima hadi barabarani.

Nakuahidi nitaendelea kumwandikia majina, kila mazishi atakayoleta, maadamu macho yanaona. Nakuahidi pia sitamruhusu mtu yeyote wa ukoo amrudishe nyuma ya duka. Nitawapigia simu kila siku hadi wachoke.

Lala salama, omera. Huyo aliyeketi kiwanjani akisogea kukusalimu, mpokee. Yeye amerudi nyumbani, na jina langu analo.

Mimi sitarudi.